Saa Mbili ya Nani? Hesabu ya Saa za Kiswahili katika Uunganishaji wa Programu za Mahudhurio na Huduma za Wingu

Ikisiri

Katika ofisi, hoteli, viwanda na kampuni za ulinzi za Afrika ya Mashariki, daftari la mahudhurio linazidi kuachia nafasi programu za kompyuta zinazorekodi saa za kazi. Programu hizo huunganishwa na huduma za wingu ili taarifa zifike kwenye orodha ya mishahara bila kupita mikononi mwa karani. Makala haya yanaeleza namna uunganishaji huo unavyofanya kazi na kuchunguza tatizo la kiisimu linalojificha ndani yake: mtambo huhesabu saa kuanzia saa sita usiku, ilhali mzungumzaji wa Kiswahili huanza hesabu yake jua linapochomoza na linapotua. Hoja kuu ni kwamba karani wa daftari alikuwa pia mfasiri wa saa. Kumwondoa bila kuiweka tafsiri hiyo ndani ya mtiririko wa kazi huzalisha makosa ambayo mtambo hauyatambui na ambayo humpunguzia mfanyakazi ujira. Makala yanapendekeza kanuni za kuandika, kugeuza na kuonyesha saa katika mifumo hiyo.

Maneno Msingi: saa ya Kiswahili, mahudhurio, huduma za wingu, mtiririko wa kazi, ujira

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina namna yake ya kuhesabu saa. Saa ya kwanza ya mchana hukamilika saa moja asubuhi, na saa ya kwanza ya usiku hukamilika saa moja usiku. Hesabu hii inafaa mahali palipo karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu na wakati uleule mwaka mzima. Si Kiswahili peke yake kinachohesabu hivyo. Msemaji wa Kiganda na msemaji wa Kinyarwanda nao husema saa mbili za asubuhi wakikusudia wakati ambao saa ya mezani huonyesha nane.

Kwa muda mrefu tofauti hiyo haikuleta taabu kazini. Mfanyakazi alifika, akamwambia karani kwamba ameingia saa mbili, na karani akaandika 8:00 katika daftari. Tafsiri hiyo ilifanyika kichwani, haraka, na haikuwahi kuitwa kazi. Haikutajwa katika maelezo ya majukumu ya karani wala kufundishwa chuoni. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa TEHAMA walipoorodhesha kazi za karani ili wazikabidhi kwa mashine, kazi hii ni rahisi kuelewa kwa nini haikuingia katika orodha.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu tano baada ya utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza uunganishaji wenyewe. Ya tatu inachambua tofauti za hesabu ya saa. Ya nne inafuatilia safari ya kosa moja hadi kwenye mshahara. Ya tano inatazama sheria, na ya sita inatoa mapendekezo na hitimisho.

2.0 Namna Mitambo Inavyounganishwa

2.1 Pande tatu za mnyororo

Mfumo wa aina hii una pande tatu. Upande wa kwanza ni programu ya kurekodi muda, mfano Toggl Track, Clockify au Harvest, ambamo mfanyakazi hubonyeza kitufe anapoanza kazi na anapomaliza. Katika maeneo mengine kazi hiyo hufanywa na kifaa cha alama za vidole kilichowekwa mlangoni. Upande wa pili ni huduma za wingu zinazopokea na kutunza taarifa: lahajedwali, hifadhi ya nyaraka, kalenda au programu ya mishahara. Upande wa tatu, ulio katikati, ni huduma ya kuunganisha. Zapier, Make, n8n na Power Automate ya Microsoft ni mifano inayojulikana.

Huduma ya kuunganisha hufanya kazi kwa maagizo ya namna ya “likitokea hili, fanya lile”. Tukio, kwa mfano mfanyakazi kufunga zamu yake, huamsha mtiririko. Sharti hufuata: je, zamu imezidi saa tisa? Kisha kitendo hutekelezwa: mstari mpya huongezwa katika lahajedwali, msimamizi hupelekewa barua pepe, au kiasi cha malipo huongezwa katika orodha ya mishahara.

2.2 Njia za kupashana habari

Huduma ya kuunganisha hupata habari kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, huiuliza programu ya mahudhurio kila baada ya dakika kadhaa kama kuna jambo jipya. Katika njia ya pili, programu ya mahudhurio yenyewe hupeleka ujumbe mara tu tukio linapotokea, kwenye anwani iliyoandaliwa kuupokea. Njia ya pili ni ya haraka zaidi, lakini ujumbe mmoja unaweza kupelekwa mara mbili iwapo mtandao ulikatika kabla ya jibu kurudi. Ndiyo sababu kila rekodi hupewa namba yake ya pekee, ili zamu moja isilipwe mara mbili.

Mtiririko pia hufanya kazi kwa ruhusa ya akaunti fulani. Ikiwa ruhusa ilitolewa kwa akaunti ya afisa mmoja, na afisa huyo akahama au akaondolewa, mtiririko unaweza kusimama na saa za watu zisifike zinakokwenda.

2.3 Mahali ambapo lugha huingia

Mfanyakazi anapobonyeza kitufe mwenyewe, saa husomwa na mtambo na lugha haihusiki. Hata hivyo, kuna milango minne ambayo lugha hupitia. Wa kwanza ni marekebisho ya mkono, pale mtu alipoishiwa chaji au kusahau kubonyeza. Wa pili ni ratiba ya zamu, ambayo huandikwa na mtu na ambayo mtambo huitumia kuamua nani amechelewa. Wa tatu ni ujumbe wa onyo au wa taarifa unaotumwa kwenye simu. Wa nne ni ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo mfanyakazi hutakiwa kuisoma na kuitia saini. Katika milango yote minne, karani hayupo tena.

3.0 Saa ya Mzungumzaji na Saa ya Mtambo

3.1 Pengo la saa sita

Mitambo hupashana saa kwa mwandiko mmoja unaofuata kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Katika mwandiko huo, saa nne usiku ya Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 jijini Dar es Salaam huandikwa 2024-05-03T22:00:00+03:00. Sehemu ya mwisho inaeleza kwamba Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, ambayo kifupi chake ni UTC.

Inadhaniwa mara nyingi kwamba kugeuza saa ya Kiswahili ni kuongeza au kupunguza sita tu. Ukweli ni mgumu kidogo. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, huongezwa sita: saa kumi jioni ni 10 + 6, yaani 16:00. Saa za usiku, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezwa kumi na nane, na jumla ikifika 24 au zaidi hupunguzwa 24 na tarehe husogea mbele. Kwa hiyo saa nne usiku ni 4 + 18, yaani 22:00, na saa kumi usiku ni 10 + 18 − 24, yaani 04:00 ya tarehe inayofuata.

Ugumu umo katika maneno asubuhi na jioni. Saa ya kimataifa hugeuka saa sita mchana na saa sita usiku. Saa ya Kiswahili hugeuka katikati ya asubuhi na katikati ya jioni: saa kumi na mbili asubuhi hufuatwa na saa moja asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hufuatwa na saa moja, ambayo wengine huiita ya jioni na wengine ya usiku. Mtaalamu wa programu akiandika kanuni isemayo “neno likiwa asubuhi, ongeza sita”, saa kumi na mbili asubuhi itageuka kuwa 18:00. Mfanyakazi aliyewahi kuliko wote ataonekana amechelewa siku nzima.

3.2 Usiku na tarehe

Usiku una mgogoro wa pili, nao ni wa tarehe. Kwa mtambo, siku mpya huanza saa sita usiku. Kwa mzungumzaji wa kawaida, zamu iliyoanza Ijumaa saa nne usiku ni ya Ijumaa hadi asubuhi. Kwa wazee wengi wa pwani, wanaofuata hesabu ya Kiislamu ambamo siku huanza jua linapotua, “usiku wa Ijumaa” ni ule uliotangulia mchana wa Ijumaa. Wanahabari wameukwepa utata huo kwa maneno “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Maneno hayo ni sahihi kabisa, lakini ni nadra kuyakuta katika fomu ya zamu.

3.3 Mipaka ya nchi

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC. Rwanda, Burundi na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko saa mbili mbele. Tuchukue mfano wa dereva aliyeanza kazi Ngara, upande wa Tanzania, saa mbili asubuhi, akavuka mpaka wa Rusumo na kufunga kazi Kigali saa kumi jioni kwa saa za Rwanda. Machoni amefanya kazi saa nane. Kwa UTC alianza 05:00 na kumaliza 14:00, yaani saa tisa. Mtiririko unaotupa ile sehemu ya mwisho ya mwandiko wa ISO humnyang'anya saa moja kila anapoelekea magharibi, na humzidishia moja kila anaporudi.

Tatizo huongezeka kwa sababu kila kituo katika mnyororo kinaweza kuwa na mpangilio wake wa majira. Lahajedwali ya Google ina mpangilio wake, na akaunti ya Zapier ina wake. Mipangilio hiyo isipokaguliwa, rekodi inaweza kuingia kwa saa za Kampala na kutoka kwa saa za jiji la mbali ambalo mfanyakazi hajawahi kulifika.

3.4 Neno “saa” lenyewe

Neno saa hubeba maana tatu: kifaa, nukta ya wakati, na kipimo cha muda. Sentensi “alifanya kazi saa nane” inaweza kumaanisha kwamba muda wa kazi ulikuwa saa nane, au kwamba kazi ilifanyika saa nane mchana. Katika mazungumzo, muktadha huondoa utata. Safu ya lahajedwali yenye kichwa “Saa” haina muktadha. Baadhi ya wazungumzaji hutofautisha kwa kusema “masaa manane” wanapokusudia kipimo cha muda. Umbo hilo hukosolewa na walimu wa Kiswahili sanifu, lakini linafanya kazi ya kubainisha ambayo umbo sanifu haliifanyi. Mtungaji wa fomu asiyetaka kulitumia hana budi kuandika kwa ukamilifu: saa ya kuingia, saa ya kutoka, jumla ya saa za kazi.

4.0 Safari ya Kosa Moja

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni wa mhudumu wa hoteli Dar es Salaam anayefanya zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Simu yake imezima. Asubuhi anamwandikia msimamizi: “Niliingia saa nne nikatoka saa kumi na mbili.” Msimamizi, ambaye ana fomu ya kujaza watu ishirini, anaandika 4:00 na 12:00. Fomu inatuma rekodi kwenye huduma ya kuunganisha, huduma inaikagua, na mstari unaingia katika orodha ya mishahara.

Ukaguzi hauoni kosa. Kutoka 22:00 hadi 06:00 ni saa nane, na kutoka 04:00 hadi 12:00 ni saa nane vilevile. Jumla iko sawa, lakini aina ya saa imebadilika. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na inaagiza nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi usiku. Kwa zamu halisi, mhudumu anastahili nyongeza ya saa nane. Kwa rekodi iliyoingizwa, anapata ya saa mbili tu, yaani kutoka 04:00 hadi 06:00. Ikiwa ujira wake wa msingi ni shilingi 2,000 kwa saa, nyongeza ni shilingi 100 kwa saa. Anapoteza shilingi 600 kwa usiku mmoja, na kosa likirudiwa kwa zamu 22 za mwezi anapoteza shilingi 13,200.

Linganisha na zamu ya saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Ikiingizwa kama 10:00 na 4:00, saa ya kutoka inakuwa ndogo kuliko ya kuingia. Mtambo ama utaikataa rekodi, ama utahesabu hadi kesho yake na kuonyesha saa 18. Kosa hili hupiga kelele, na mtu ataitwa kulisahihisha. Tofauti kati ya makosa haya mawili ina kanuni: zamu inayovuka mahali ambapo saa ya Kiswahili hugeuka hutoa kosa lenye kelele, zamu isiyovuka hutoa kosa la kimya. Zamu za kawaida za mchana na za usiku hupangwa ndani ya mageuko hayo. Kwa hiyo zamu zilizo nyingi ndizo zinazoficha kosa.

5.0 Sheria na Haki ya Kuelewa

Nchi za ukanda huu zimejiwekea sheria za kulinda taarifa za watu: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinampa mhusika haki ya kupata taarifa zinazomhusu na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Rekodi ya mahudhurio inayomtaja mfanyakazi ni taarifa ya namna hiyo.

Hata hivyo, haki ya kusahihisha hutegemea uwezo wa kugundua kosa. Mhudumu wa mfano uliotangulia akipewa ripoti inayosema 04:00–12:00, macho yake yanaona nne na kumi na mbili, namba zilezile alizozitamka. Ataitia saini akiamini kwamba iko sahihi. Namba zinazolingana na maneno yake ndizo zinazomdhulumu.

Sheria ya Tanzania ya 2004 imekwisha kuweka msingi wa kuelewa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake anafafanuliwa kwa namna anayoielewa, na saa za kazi ni miongoni mwa maelezo hayo. Kifungu hicho kinahusu masharti ya ajira, hakitaji kumbukumbu za kila siku. Lakini ni vigumu kutetea hali ambamo masharti ya saa lazima yaeleweke huku hesabu ya saa zenyewe ikibaki fumbo.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Makala yanapendekeza mambo matano. Kwanza, kila rekodi itunzwe kwa mwandiko kamili wa ISO 8601, wenye tarehe, saa na tofauti yake na UTC, na sehemu hiyo ya mwisho isiachwe katika kituo chochote cha mnyororo.

Pili, fomu za kujaza kwa mkono zisipokee namba tupu. Zimpe mjazaji nafasi ya kuchagua kipindi cha siku, kisha zimrudishie jibu kabla ya kupokea: “Umesema saa 4:00 usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 Mei, yaani 22:00 ya Ijumaa tarehe 3 Mei. Je, ni sahihi?” Kanuni ya kugeuza izingatie mageuko ya asubuhi na jioni yaliyoelezwa katika sehemu ya 3.1.

Tatu, ripoti na ujumbe vionyeshe saa zote mbili, ya Kiswahili kwa maneno na ya kimataifa kwa tarakimu. Msingi wa kazi hii upo. Hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode Consortium, yaani CLDR, inatambua Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na imesajili vipindi kama alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hata hivyo, tarakimu zinazoambatana na vipindi hivyo hubaki za saa ya kimataifa. Kwa hiyo ugeuzaji wenyewe lazima uandikwe na anayejenga mtiririko.

Nne, ukaguzi usitazame jumla ya saa peke yake. Rekodi iliyojazwa kwa mkono ilinganishwe na ratiba ya zamu, na tofauti ya saa sita kamili, au ya kumi na nane, ipelekwe kwa mtu aitazame.

Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama yaandae mwongozo mfupi wa kuandika saa katika mifumo ya kompyuta, ukiwemo ufafanuzi wa matumizi ya “saa” na “masaa” na wa tarehe za zamu za usiku. Istilahi kama wingu na lahajedwali zimekwisha kupata nafasi. Kinachokosekana ni kanuni ya jambo la zamani zaidi kuliko kompyuta.

Kwa ujumla, uunganishaji wa programu za mahudhurio na huduma za wingu una faida zisizokanushika: hupunguza uandishi wa kurudiarudia na huharakisha malipo. Lakini karani aliyeondolewa alikuwa akifanya kazi mbili, na moja tu ndiyo iliyohamishiwa kwenye mtambo. Ya pili ni kazi ya lugha, na inapaswa kufanywa kwa makusudi na wale wanaojenga mifumo wakishirikiana na wataalamu wa Kiswahili. Mwajiri anayetaka kujua kama mfumo wake una kasoro hii anaweza kuanza na jaribio jepesi: achague rekodi kumi za zamu ya usiku zilizojazwa kwa mkono, akae na wahusika, na awaulize kwa Kiswahili waliingia saa ngapi.